Mwalimu Maboksi na Kazi ya Likizo

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kazi za Mikono katika shule yetu, Mwalimu Maboksi anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Novemba, siku ya kufunga shule. Jina lake la kwenye kitambulisho linajulikana ofisini. Sisi wengine tumemwita Mwalimu Maboksi tangu muhula wake wa kwanza, kwa sababu hajawahi kukutana na boksi tupu barabarani akaliacha salama. Wenye maduka ya jirani walimwekea ya kwao nyuma ya mlango, na mlinzi wa getini alijua kwamba mzigo unaokuja asubuhi kwa miguu yake, bila kichwa kuonekana, ni mwalimu anaingia kazini.

Aliletwa hapa kwa muda tu, ashike nafasi ya mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, chenye dirisha lisilofunguka. Kabla mwaka haujaisha dirisha lilikuwa linafunguka, madawati yamegeuka meza ndefu, na yule mgonjwa alipopona alikuta hana pa kukaa. Akahamia Jiografia, na huko alifanya vizuri. Mwandishi wa wasifu huu anafundisha Sayansi chumba cha pili, na miaka yote ameisikia nyundo ya jirani yake kupitia ukutani. Ilikuwa nyundo yenye adabu, wakati wa mitihani ilinyamaza.

Lakini tusizunguke. Mitaani hajulikani kwa meza wala dirisha, anajulikana kwa kazi ya likizo. Yeye ndiye aliyeianzisha. Kila mwanafunzi, kila likizo, alitakiwa arudi na kitu alichokitengeneza kutokana na vitu vilivyotupwa, na asiyeleta alirudishwa nyumbani akakilete. Tangazo lilikuwa fupi na lilimalizika kwa maneno yaleyale siku zote: kazi ifanywe na mtoto mwenyewe. Shule ikifunguliwa, vitu vyote vilipangwa ukumbini, na hayo ndiyo maonyesho yaliyoipa shule yetu jina. Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakatusifu.

Majumbani hali ilikuwa nyingine. Jumapili ya kuelekea kufungua shule, gundi iliadimika madukani na wazazi walitazamana kwa jicho la pembeni kwenye foleni. Fundi cherehani mmoja alifumua vifungo vya shati la mteja ili mdoli wa mwanawe apate macho. Mama mmoja nesi, aliyetoka zamu akiwa hoi, alikumbuka asubuhi yenyewe. Akanunua gari dukani, akalipaka tope kidogo lionekane la nyumbani, na kibandiko cha bei kikabaki tumboni. Seremala wa mtaa wa nyuma aliingiwa na huruma, akawachongea watoto wa majirani zake wote vikabati. Mwalimu alivitambua kwa bawaba, akavipanga meza moja na kuweka kibao kilichosomeka: Kazi ya Mtoto Mmoja, Mkubwa Kiasi. Kisha akampelekea seremala zawadi ya mshindi wa darasa la tatu, penseli na kifutio. Seremala aliipokea kwa mikono miwili, na ile penseli aliitumia mpaka ikaisha.

Mwaka fulani maji yakazidi unga. Katika mkutano wa wazazi alisimama dereva wa lori, baba wa watoto wanne, wote wa shule hii. Akasema amevuka mipaka ya nchi na mzigo wa saruji bila kuumwa kichwa, lakini kikapu cha vifuniko vya chupa kimemshinda. Yeye na mkewe hawasemeshani tangu juzi kwa ajili ya kikapu hicho, na angependa kujua yeye aliandikishwa lini darasa la nne. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu Maboksi hakupepesa macho. Alijibu kwamba hakuna aliyemtuma mzee kusuka kikapu, tangazo linasema mtoto mwenyewe, na mzazi asiye na subira asisingizie shule. Akakaa. Alikuwa na haki, na ndiyo maana watu walitoka wamenuna.

Sasa tuseme jambo ambalo mwenyewe ameturuhusu kulisema. Ana mjukuu mmoja tu, binti wa binti yake, anayeishi na wazazi wake mji mwingine. Likizo ndiyo nafasi yao pekee ya kuonana, na Mwalimu, bibi mtu, huanza kuisubiri muhula ukiwa bado mbichi. Miaka miwili iliyopita mtoto alifika na begi, na ndani ya begi kulikuwa na agizo la shule yake: atengeneze kinu cha upepo kinachozunguka. Chumba cha walimu kilipopata habari kilicheka mpaka chai ikapoa.

Mtoto alianza mwenyewe. Alikata bawa la kwanza, likaenda upande. Bibi akaomba mkasi kidogo tu, amwonyeshe. Ule mkasi haukurudi. Baada ya mabawa ikawa mnara, baada ya mnara ikawa rangi, na mtoto akapewa kazi ya kushika kifuniko cha gundi. Alikishika likizo nzima, kwa heshima, maana amelelewa vizuri.

Kinu kilipata alama za katikati. Mwalimu wa huko aliandika kwamba kazi si mbaya, ila mzazi aongeze bidii. Mwenzetu alikasirika, akatusomesha habari za pembe za mabawa wiki nzima. Lakini lililomkata maini lilikuja baadaye. Alipopiga simu kuuliza mtoto atafika lini likizo inayofuata, binti yake akamweleza ukweli. Mtoto ameomba abaki nyumbani. Amesema kwa bibi ni kama shuleni, tofauti ni kwamba shuleni kuna mapumziko.

Kesho yake alikuja kazini mikono mitupu, mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Alikaa akatusimulia bila kuficha. Alisema miaka yote amewaona wazazi wale kuwa wakosefu wa subira, kumbe yeye mwenye fani hawezi kumtazama mtoto akikosea. Aliogopa amempoteza mjukuu kwa ajili ya kinu cha boksi, na hakujali tukimwona analia.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kazi ya likizo ifutwe. Mkuu akashika kichwa: maonyesho je, na wakaguzi je? Akajibiwa kwamba kama maonyesho ni lazima, basi mkuu naye alete kitu, kilichofanywa na mkuu mwenyewe. Hoja ikapita. Tangu hapo kila kitu kinatengenezwa chumbani kwake, kwa vipindi vya kawaida, na mikono ya wazazi inaishia getini. Ukumbini sasa tunaona vikapu vilivyolala ubavu na magari yenye gurudumu moja pungufu. Wakaguzi wanapiga picha chache. Dereva wa lori alikuja kushukuru, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli hakutakuwa na kazi hata ndogo, maana vifuniko alishaanza kukusanya.

Mjukuu hakuja likizo ile, wala zilizofuata. Bibi hakumshurutisha. Alipiga simu, akauliza habari za marafiki na za jino lililong'oka, za shule akaziacha. Agosti hii mtoto alikuja. Siku chache zikapita, akaomba boksi. Akakaa nalo sakafuni asubuhi nzima akikata na kubandika, na bibi yake alikaa kitini, mikono mapajani, akauona mkasi unakwenda upande, akaiona gundi inamwagikia mkeka, akanyamaza. Anasema katika utumishi wake wote hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kilichotokea hakuna anayejua ni kitu gani. Kipo juu ya kabati la vyombo, na aliyekitengeneza alipokuwa anaaga aliuliza kama anaweza kurudi Desemba akimalizie.

Basi Mwalimu, asante kwa meza, kwa dirisha, na kwa watoto wengi waliojua kwako kwamba wanaweza kutengeneza kitu. Sisi tutakizoea kimya cha ukuta ule polepole. Desemba ndiyo hiyo inaingia. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya, mgeni wako afike salama, na mikono yako ikae mapajani.