Hodi ya Tatu

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mama Karibu hata mkasahau jina alilobatizwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa mwashi. Alimaliza darasa la nane mwaka 1964, akiwa na mwandiko safi na, kwa maneno ya kaka yake, mdomo usiojua likizo.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali. Kwa miaka thelathini na sita alitia viraka shuka na kupinda mapazia, na aliyegusa mkasi wake bila ruhusa alikiona cha moto.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu wa mizaha, ambaye hata kwake hakuingia bila kubisha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni usiyeondoka!"

Walijaliwa binti na mwana.

Tarehe 9 Juni 1981 waliamka wamenuniana. Jana yake mume alikuwa amewachekesha wageni kwa kusimulia jinsi mkewe alivyotia chumvi kwenye chai. Saa saba mchana alirudi kuchukua koleo alilolisahau, akakuta mlango una komeo. Akapiga hodi. Marehemu, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu kazini, alikuwa nyuma ya mlango huo, akamwekea binti yake wa miaka tisa kidole mdomoni.

"Usiitike. Leo atanikoma."

Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Mume akacheka. "Haya, wenyewe hawapo," akasema, akaenda zake. Kabla ya saa kumi alianguka kutoka juu ya nguzo ya umeme, akafariki papo hapo.

Tangu hapo marehemu aliisikia hodi ile kila siku, saa saba. Kazini alisimamisha kanyagio la cherehani katikati ya mshono, akageuka kutazama mlango. Alikonda, akatamani kufa; tunalisema kwa kuwa mwenyewe hakulificha. Hatimaye alikwenda kwa mchungaji.

"Mchungaji, nilimfungia mume wangu mlango. Bwana naye si atanifungia wake?"

Mzee yule akamjibu. "Mimi naamini hatakufungia, mama, ila najua neno langu halitakutosha. Ukiisikia tena, usizibe masikio. Itikia. Sema, karibu, Bwana Yesu, tangulia wewe kuingia."

Aliitikia kwa miaka zaidi ya arobaini. Aliitikia upepo, akaitikia paka. Siku moja muuza mabeseni aliingia, akaketi, akanywa chai vikombe viwili kabla ya kugundua kwamba aliyekaribishwa ni Yesu. Sauti haikukoma, na marehemu hakuwahi kushuhudia kanisani kwamba imekoma. Ila alilala usingizi, na mchana mlango wake haukupigwa komeo tena. Lile swali lake aliendelea kumwuliza Mungu kila Ijumaa, kwa sauti, mbele ya akina mama wenzake wa maombi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alipolazwa katika hospitali ileile, jambo la kwanza alilofanya ni kukagua pindo la pazia. "Hili langu," akasema, akaridhika.

Tarehe 3 Februari 2024, saa saba mchana, alifumbua macho, akautazama ukuta usio na mlango.

"Hodi," akasema.

Binti yake, anayewasomea maneno haya, alifungua kinywa aitike, kisha akanyamaza. Hakuwa yeye aliyebishiwa.

"Hodi," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi, akatega sikio. Uso wake ukalegea. Binti alisubiri akihesabu, maana amekuwa akizihesabu hodi tangu akiwa na miaka tisa. Ya tatu mama hakuipiga.

Ameacha binti, mwana, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na dada zake katika maombi ya Ijumaa. Apumzike kwa amani humo ndani alimokaribishwa.