Sanduku la Magurudumu Manne

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Babu mmoja alikuwa ndani ya basi la uwanja wa ndege, anakwenda kumpokea mjukuu wake, akawasikia watu wawili wasiojuana kwenye kiti cha mbele yake.

Dada mmoja, fundi wa meno bandia, amekumbatia sanduku jipya. "Safari iliyopita watu wa ndege walininyang'anya la zamani mlangoni, eti kubwa mno, wakalipeleka kwenye mizigo, likapotea. Nikafika kwa madaktari mikono mitupu. Leo nikikosa tena meno ya kuwaonyesha, kazi sina."

"Hili umelipima?" akauliza jirani yake, fundi cherehani.

"Urefu sentimita hamsini na mbili. Wao mwisho hamsini na tano."

"Pamoja na magurudumu?"

Dada akayatazama magurudumu. Alikuwa amepima kasha peke yake, maskini!

Fundi cherehani akavua utepe wake wa kupimia shingoni, akalipima upya. Babu akajikuta amesimama, utadhani meno yale ni yake.

"Hamsini na tano kamili!" fundi akatangaza.

"Ee Mungu wangu!" Dada akacheka mpaka machozi, na Babu akakaa, akashusha pumzi.

"Ila ungechukua la magurudumu mawili," fundi akachokoza. "Haya manne hayana adabu."

"Kaka wee, mawili yanang'oa bega! Hili nalisukuma kwa kidole."

"Hata upepo utalisukuma."

Dada akaliweka chini amwonyeshe. Hapo hapo dereva akakanyaga breki, wamefika. Sanduku likateleza mpaka mlangoni, likasimama wima, utadhani ndilo abiria wa kwanza kushuka.

"Umeona?" wakasema wote wawili kwa pamoja.