Mwalimu Eliamini Mshana na Kaburi Lililopungua Kiganja

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Eliamini Mshana alizaliwa hapa Suji tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari na ualimu, na mwaka 1974 akaanza kufundisha fizikia mjini Same mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu Agatha kanisani Gonja, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho ni Rodrick, mume wa Honorata, huyu anayewasomea na mtoto mgongoni.

Fizikia peke yake haikumtosha, alisema kipimo si namba, ni makubaliano ya watu, kwa hiyo akawaita nesi na mizani yake, mpishi na kikombe chake, fundi na futikamba yake, wakae meza moja walinganishe, na miaka yote hiyo watu walikuja, wakanywa chai, wakaondoka bila kukubaliana, fundi seremala Anderson akimtania, "Mwalimu, futi ni futi tu bwana, hata ukiiombea," naye Omari mchimba makaburi akiapa kwamba mpini wa jembe anaopimia haujawahi kumdanganya mtu.

Mjukuu huyu wa mgongoni alipozaliwa njiti, Baba alimpima kila asubuhi kwa mizani mbili, zikitofautiana anapima tena, Honorata analia kwa hofu, yeye anapima tena.

Kisukari kilimpata mwaka 2016, Aprili mwaka huu figo zikashindwa, akafariki hospitalini Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Sasa jamani, Anderson amepima jeneza kwa futi, Omari amepima kaburi kwa mpini, saruji imeshakauka ndiyo leo asubuhi tunaambiwa kaburi limepungua kiganja kizima, na hizo nyundo mnazozisikia ndizo zinabomoa ukuta wa kaburi, na Mchungaji kamwambia Honorata asome polepole ili wawahi kumaliza, atasomaje polepole, jeneza likikwama mbele ya macho ya Mama atamwambia nini?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu Jumatatu, na walimu wenzake waliopanda mlima kwa miguu.

Na kabla jeneza halijanyanyuliwa, tunawaomba, Anderson ashike futikamba upande huu wa kaburi, Omari ashike upande ule, mmoja asome kipimo kwa sauti, na mwenzake aseme "ndiyo".

Baba, ukisikia hiyo "ndiyo", pumzika kwa amani.