Mzee Nyangau na Filamu Walizozisifu Wengine

Tarehe 30 Novemba 1978 Mzee Alfayo Nyangau anastaafu, baada ya miaka kumi na saba ya kuonyesha sinema katika ukumbi wetu hapa Kisii mjini. Mimi ndiye mama wa dirisha la tiketi, na karibu miaka hiyo yote nimekuwa mtu wa kwanza kusikia malalamiko yake kila filamu ikiisha. Kamati ya kumuaga ikaona niandike mimi. Angeandika mwingine, Mzee angesema habari zenyewe zinachelewa kuanza.

Basi nianze. Ni mtu wa Ikonge, alisoma hadi darasa la sita, akauza ndizi Keumbu kabla ya kuajiriwa hapa mwaka 1961. Mashine aliijua kwa kuitazama ikifunguliwa na fundi mara moja tu. Tena ni Msabato wa kweli: Jumamosi hagusi mkanda mpaka jua lizame. Meneja wetu, Bwana Obwocha, alinung'unika weee, mwisho akanyoosha mikono, na hadi leo onyesho letu la Jumamosi linangoja giza.

Kilichomleta kwenye kazi hii ni gari la sinema lililopita Keumbu siku moja, likatundika shuka jeupe sokoni. Alikwenda na mkewe Mokeira, ndoa ikiwa bado mpya. Jina la filamu halijui mpaka kesho. Anakumbuka mwanamke aliyemngoja mumewe kituo cha treni, na Mokeira akimlalia begani akilia hadi shati likalowa. Anasema hajapata tena furaha kama ile.

Mokeira alitutoka mwaka 1966. Tangu hapo Mzee anatafuta filamu moja tu itakayomrudishia jioni ile ya Keumbu. Wengine wanatafuta shamba, yeye anatafuta hiyo.

Na mtu akitaka filamu nzuri atauliza nani? Gazeti. Kila lilipofika kutoka Nairobi, Mzee alikimbilia ukurasa wa sinema. Wakiandika kwamba filamu fulani ina kina na kwamba mabingwa wa Ulaya wameipa zawadi, hapo Bwana Obwocha hana amani mpaka ameiagiza. Siku ya onyesho Mzee anakuja amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Mimi nilimwonea huruma kabla taa hazijazimwa.

Kulikuwa na ile ya baba aliyefariki, watoto wake wakasimama dirishani wakivuta sigara na kutazama mvua. Jamani! Ukumbi mzima uliuliza kama majirani hawajapewa habari. Mama mmoja akaanza kuwalilia yeye mwenyewe, maana aliona aibu msiba upite kimya namna ile. Kulikuwa na ile ya bwana aliyengoja simu hotelini tangu mwanzo hadi mwisho, na simu isilie. Mzee alishuka kutoka chumba cha mashine uso umemshuka, akaegemea dirisha langu, akasema labda tatizo ni yeye, labda moyo wake umeota sugu. Sikupenda kumsikia akisema hivyo.

Televisheni ilipofika kwenye hoteli ya jirani, akasikia kuna mchezo wa kuigiza ambao Nairobi nzima inausifu. Alikwenda wiki baada ya wiki. Aliniambia ni watu waliovaa tai wanaogombana mezani, chai inapoa, hakuna hata mmoja anayeinywa. Chai hiyo ilimuuma zaidi ya mchezo wenyewe, mtu wa Ikonge tena, kwenye mashamba ya chai!

Jumamosi iliyopita Bwana Obwocha alimpa heshima ya kuchagua filamu ya kumuaga. Mnadhani alijifunza? Alichagua iliyosifiwa kuliko zote. Safari hii mashine aliishika Joash, fundi mpya, na Mzee akaketi ukumbini pamoja na watu kwa mara ya kwanza. Juu kule kuna kitundu tu cha kutazamia pazia; waliokaa chini huwaoni. Mkanda wa kwanza ulipoisha aliinuka kwenda kuubadilisha, watu wakamvuta koti akae.

Mimi nilimngoja dirishani, masikio tayari. Akaja akasema filamu ni nzuri. Nilidhani anaumwa! Nikamuuliza imeishaje. Hajui. Mbele yake walikaa mume na mke, bado vijana, na katikati ya filamu yule mke alimlalia mumewe begani akaanza kulia. Kuanzia hapo Mzee hakutazama pazia tena. Aliwatazama wao mpaka taa zikawaka. Kisha akaniaga, akaondoka taratibu, anajifuta macho kwa kofia.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote, na kwa kila mkanda uliokatika ukauunga watu wakipiga miluzi. Dirisha langu litakuwa kimya na nitaumia, sitaki kukuficha. Nenda ukapumzike Ikonge, Mungu akupe afya na siku nyingi za amani. Ila usikae huko moja kwa moja. Wale vijana wawili wamerudi jana kununua tiketi za Jumamosi ijayo. Nimewapa viti vile vile, na cha nyuma yao sikukiuza.

Tryphosa Kerubo (Mama Makori),
Dirisha la Tiketi