Kimo cha Jiko

Gari ya shamba ilipoondoka Darajani, Jaku alilalamika kuwa kikapu cha bibi aliyekaa naye kimemlalia mguu.

“Mafiga yangu hayo,” alisema Bi Kazija. “Nnayapeleka kwa binti yangu. Kaka yake kayang'oa, kajenga mwenyewe jiko la saruji, refu, linanifika kifuani.”

“Si kakutendea wema, bibi? Anataka upumzike.”

“Miaka arobaini nnapika nimekaa kibaoni. Yeye kapima kimo cha mkewe. Kupumzika gani huko, kungoja sahani nyumbani kwangu?”

Jaku, ambaye hakuwahi kupika hata uji, alimtetea kijana mpaka Mbweni. Bi Kazija akakinyooshea kidole kifuko cha saruji alichokipakata Jaku.

“Na hicho?”

“Cha jiko la mama.”

“Umempima?”

Gari ikasimama.