Jumamosi za Dirishani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti unayetuaga leo, mama zangu wa chama, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu kwa heshima zote.

Ukarani wa chama hiki nimeushika miezi minane tu, lakini chumba hiki nakijua tangu nina miaka kumi na mitatu. Nani amesahau zile Jumamosi, cherehani nne zikinguruma, mama wa duka la dawa akikata vitambaa, na muuguzi mstaafu akigombana na pasi? Walishona taulo za kike, wakazipanga mezani katika vifuko. Sisi wasichana tulipoingia, Mwenyekiti aliita, "Jamani, njooni muone mvua!" Wote wakainuka, wakatugeuzia migongo, wakatazama dirishani mpaka wa mwisho wetu achukue kifuko chake na kutoka.

Siku yangu ya kwanza, kwa ushamba wangu, nilisema, "Shikamooni mama zangu, lakini mbona jua linawaka?"

Mabega yao yakatikisika kwa kicheko, ila hakuna aliyegeuka.

"Marahaba, mwanangu," Mwenyekiti akajibu. "Basi tunatazama jua. Chukua, uende."

Tangu hapo sikukosa tena shule zile siku nne tano za kila mwezi.

Mheshimiwa, wiki iliyopita ofisi yako iliniagiza niandae majina ya wasichana wote waliosaidiwa, yasomwe hapa leo. Bila orodha, nikaambiwa, chama hakitapewa funguo za chumba kipya cha kushonea. Nimepekua makabati yote. Majina hayamo. Mtu anayetazama dirishani angeandikaje jina? Wapo ninaowakumbuka mwenyewe, na wengine wamo humu ndani. Ningeweza kuwaandika. Sikuwaandika. Nakiri mbele yako, na naogopa kweli, maana kazi hii naipenda, na chumba kile tunakihitaji.

Orodha ninayokukabidhi ina msichana mmoja tu, naye ndiye huyu anayekusomea. Yeye ameridhia kutazamwa. Kama anatosha, tunaomba funguo.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa subira. Na ninyi, mama zangu, miaka yote ile hamkuniona nikiondoka. Leo nawaomba mgeuke, mnitazame.