Nusu Inchi ya Mzee Ambilikile

Tarehe 31 Julai 1997 Mzee Ambilikile anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupika pombe ya ulezi katika kiwanda chetu kidogo hapa Mpuguso. Alianza akiwa mpasua kuni. Anaondoka akiwa mpishi mkuu, na kuni bado anapasua mwenyewe, maana anasema za wengine zina moshi.

Wengi wanamjua kwa bomba moja. Mwaka 1994 kiwanda kilikuwa kimetoka mikononi mwa ushirika na kuwa cha Mzee Jairo, na bia za chupa zilikuwa zinapanda kutoka Mbeya kila siku. Pombe yetu ilikuwa inaungua kwenye kitako cha pipa. Wateja wa Masukulu walisema wazi kuwa tunawauzia masizi. Mzee Jairo akatamka kwamba isipobadilika kabla ya Krismasi, anafunga. Tulikuwa wapishi sita, na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, akikohoa kwa moshi wa jiko.

Mzee Ambilikile akaja na wazo: pipa la ulezi lisiguse moto kabisa. Uji wake uvutwe kwa pampu ya mkono, upite ndani ya bomba la shaba lililozungushwa kwenye maji ya moto, kisha urudi ulikotoka, uzunguke hivyo mpaka upate joto. Tatizo likawa ukubwa wa bomba. Zamani hatukusumbuka, ulichokipata dukani ndicho ulichofunga. Sasa duka la Farhan pale Tukuyu lilikuwa na kila saizi, na bomba likishakatwa halirudishwi dukani.

Mzee alichagua jembamba, la robo inchi, kwa kuwa jembamba linapata joto upesi. Hilo ni kweli. Ila machicha yaliziba siku ya kwanza, mapipa mawili yakaharibika, na nguruwe wa kijiji kizima, waliomwagiwa pombe hiyo, walilala mapema. Hakumsingizia mtu. Alisimama mbele yetu akasema kosa ni lake. Mzee Jairo akamjibu kwamba mpishi mzima kashindwa na tundu, basi linunuliwe la inchi nzima, yaishe.

Mzee Ambilikile hakubishana. Alimpeleka bosi wake kilabuni akiwa na mirija mitatu, akamwagizia kimpumu, ile pombe yetu nzito inayotiwa maji ya moto na kunyonywa. Kwa mrija mwembamba, mashavu ya Mzee Jairo yaliingia ndani, hakupata kitu. Kwa mnene, pombe ilipanda nusu ikarudi, kifua hakikutosha kuujaza. Wanywaji wakamuuliza kama ameacha pumzi nyumbani. Mzee akamweleza taratibu kwamba pampu yetu ya mkono nayo ni kifua kimoja tu. Mrija wa kati Mzee Jairo hakuurudisha mpaka chungu kikaisha.

Kesho yake likanunuliwa la nusu inchi. Mzee alilijaza mchanga mkavu lisikunjike vibaya, akalizungusha kwenye gogo la mkaratusi kwa mikono yake. Pombe ya Krismasi haikunuka moshi, na Masukulu wakarudi, wengine wakidai hawakuwahi kuondoka. Kwa kuwa pipa halikuhitaji tena moto chini yake, jiko likahamia uani, na mwanangu Lusungu akaacha kukohoa. Sikuwahi kumshukuru Mzee kwa hilo. Namshukuru leo.

Tangu mwezi uliopita pampu amenikabidhi mimi. Kile kipande cha robo inchi amekipigilia ukutani juu yake, ili mpishi mpya aanzie pale alipokosea yeye.

Kwa heshima, lakini kwa mkazo, tunamwambia: Mzee, usije alfajiri kutuangalizia moto. Tutauweza. Njoo jioni, uketi, mrija wa kati utakuwa wako. Ndaga fijo, Tata, asante sana, Baba. Migomba yako kule Masoko ikuzalie, na siku zako ziwe njema na ndefu.